Dakika Kumi na Mbili za Mama Mkwe

Kuna watu wanaoogopa nyoka, na kuna wanaoogopa giza. Sumaku alimwogopa mama mkwe wake, na wala hakuona haya kulisema. Alilisema kazini, alilisema nyumbani, na siku moja alimwambia hata kinyozi wake, ambaye alikubali kwa kichwa maana naye alikuwa na wa kwake.

Jina la Sumaku alipewa na familia ya mkewe kwa sababu ya kazi. Alikuwa fundi wa mashine ya MRI katika hospitali kubwa ya mji, ile mashine yenye tundu katikati. Mgonjwa anaingizwa humo akiwa amelala chali, na sumaku yake kubwa inampiga picha za ndani ya mwili bila kumgusa kwa kisu. Mama mkwe wake hakuwahi kuielewa vizuri kazi hiyo. Akiulizwa na majirani, alisema mkwe wangu ni mpiga picha, akaishia hapo.

Mama mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miaka sitini na sita, na mtaani walimwita Mama Kipaza. Inasemekana kipaza sauti cha shule yake kiliharibika mwanzoni mwa muhula, na hakuna aliyegundua mpaka shule inafungwa. Huyo ndiye Mama Kipaza. Alikuwa anaongea akipika, anaongea akifua, anaongea na simu ikiwa imezimwa. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole asiyezidisha maneno kumi kwa siku, na alipofariki miaka sita iliyopita watu walisema ndoa ile ilidumu kwa sababu mmoja alizaliwa na ulimi na mwingine na masikio.

Basi kidonda kilipomtoka Mama Kipaza kwenye ulimi, ubavuni upande wa kushoto, familia ilicheka kwanza. Shemeji yake alisema ulimi ule umewakata wengi, sasa umejikata wenyewe. Mama naye alimjibu jibu ambalo shemeji hakulisahau. Mwezi wa kwanza ukapita hivyo, wa pili ukapita. Mwezi wa tatu, kidonda kikiwa palepale na uvimbe umeanza kupanda, hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Daktari wa kinywa, mwanamke mrefu asiyependa kupoteza maneno, alikata kipande cha nyama akakipeleka maabara. Majibu yakaja kwamba ni uvimbe wa kawaida. Uvimbe ukaongezeka. Akakata cha pili. Safari hii maabara wakaandika kwamba wameona chembe zinazotia shaka, lakini kipande hakitoshi kusema kama ni saratani au siyo. Picha ya MRI ya kawaida ilionyesha uvimbe umeenea karibu nusu ya ulimi. Ila picha ni picha. Haikuweza kusema nyama ipi ni mbaya na ipi imevimba kwa hasira tu.

"Siwezi kuendelea kumchuna mama yako kipande kipande, nabahatisha," daktari alimwambia Mama Pacha, mke wa Sumaku. Ndivyo alivyoitwa tangu alipojifungua wale wawili. "Na siwezi kungoja. Jopo letu la madaktari linakaa kesho saa mbili asubuhi. Nikienda mikono mitupu, wengi watasema tuondoe uvimbe wote, tuwe na uhakika. Hiyo ni karibu nusu ya ulimi."

Mama Pacha hakulia mbele ya daktari. Alilia kwenye gari, akafuta uso, akampigia mumewe simu. "Baba Pacha," alisema, "ile mashine yako inayosikiliza. Mama umpime wewe."

Tuelezane hapa kidogo. Mashine ileile ya sumaku ina kazi ya pili, inayoitwa spektroskopia, ambayo si watu wengi wanaijua. Badala ya kupiga picha, inasikiliza kemikali zilizomo ndani ya nyama, kisha inachora mstari wenye vilele, na kila kilele ni kemikali yake. Kimoja kinaitwa kolini. Mahali ambapo chembe zinazaliana kwa fujo, kama kwenye saratani, kilele cha kolini hupanda kuliko jirani zake. Unaugawa uvimbe katika visanduku vidogo, kila kisanduku kinapata mstari wake, na daktari anajua aweke kisu wapi. Mashine haitoi hukumu. Inaonyesha pa kukata tu, na maabara ndiyo inayohukumu. Lakini kwa mtu anayetaka kubaki na ulimi, hilo ni jambo kubwa sana.

Tatizo lilikuwa moja. Ubongo ukiupima, umekaa kimya kwenye fuvu lake, haukusumbui. Ulimi haukai. Mtu akimeza mate, ulimi unaruka. Akitaka kukohoa, unaruka. Ulimi ukiruka, vilele vyote vinayeyuka na mstari unabaki kama majani, vurugu tupu isiyosomeka. Sumaku alikuwa amejaribu kupima ndimi kumi na moja tangu mwaka uanze, akafaulu nne, na zote nne zilikuwa za watu wakimya. Kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi nako hakukusaidia, maana ulimi unaanguka nyuma na mtu anakoroma. Alitakiwa mtu macho, aliyetulia dakika kumi na mbili. Na hospitali nzima, aliyefundishwa kupima hivyo alikuwa yeye peke yake.

Alasiri ileile Mama Kipaza aliletwa. Aliingia na mkoba wake, amevaa gauni la hospitali juu ya heshima zake zote, akasimama katikati ya chumba akiitazama mashine kutoka juu hadi chini.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. Uvimbe ulikuwa umeanza kuyafanya maneno yake mazito, lakini haukuyapunguza. "Na hapo kwenye kona mbona pana vumbi?"

"Pole, Mama. Tutapafuta. Naomba tujaze fomu kwanza."

Fomu ile ilikuwa na maswali ishirini, na sheria ilitaka yaulizwe yote, kwa mdomo, kwa kila mgonjwa. Una chuma chochote mwilini? Hapana. Umewahi kuwekewa betri ya moyo? Hapana. Una meno ya bandia? Hapana, na kwa nini anauliza, yanaonekana ya bandia? Sumaku akafika swali la kumi na nne, akaliruka. Akafika la ishirini, akakumbuka kwamba fomu yenye pengo inarudishwa na mkuu wa idara. Akajikohoza.

"Mama, samahani sana. Fomu inauliza... kama una ujauzito."

Mama Kipaza alimtazama juu ya miwani yake kwa muda ambao ungetosha kusahihisha daftari zima.

"Andika mapacha," alisema. "Kama mwanangu."

Nyuma ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Sumaku aliandika hapana, jasho likimtoka. Akamlaza Mama kitandani, akamfunika shuka, akamvalisha vile vya masikioni vya kuzuia kelele ambavyo pia vinamletea sauti kutoka chumba cha pili. Akamwekea kile kifaa cha plastiki kinachozunguka kichwa na shingo, akampa mkononi kipira cha kubonyeza akizidiwa. Akamweleza: mizunguko sita, kila mmoja dakika mbili. Mashine ikigonga, ulimi umelala, hamezi, hasemi. Ikinyamaza, ana sekunde kumi za kumeza mate. Mama akasema ameelewa, yeye si mtoto.

Mzunguko wa kwanza ulivunjwa na mashine yenyewe. Ilikuwa na sauti iliyorekodiwa, ya msichana mwenye adabu, iliyosema kila baada ya muda, "Tafadhali tulia."

"Nimetulia, mwanangu," Mama Kipaza akamjibu.

"Tafadhali tulia."

"Nimeshakwambia nimetulia. Wewe hujala leo?"

Sumaku akaizima sauti ile, akaanza upya. Mara ya pili Mama alivumilia dakika nzima kasoro kidogo, kisha akauliza kwa nini ndani ya tundu pamepakwa rangi nyeupe ilhali nyeupe inaonyesha uchafu. Mara ya tatu hakusema neno. Sumaku alimshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu mstari ulipotoka ulikuwa majani tu. Akaangalia picha ya haraka, akaelewa. Mama alikuwa kimya, ni kweli, lakini kilikuwa kimya cha mtu anayepanga la kusema, na ulimi wake ulikuwa unafanya mazoezi ndani ya kinywa kilichofungwa.

Simu ya ukutani ikalia. Kulikuwa na mtu wa ajali anatayarishwa chini, kichwa chake kinahitaji picha, baada ya nusu saa mashine iwe tupu.

Sumaku alikaa. Alikuwa na nusu saa na ulimi usiotulia, na kesho saa mbili jopo lingekaa. Aliona wazi kabisa jinsi itakavyokuwa: Mama Kipaza na nusu ulimi, anaongea maneno ambayo wajukuu hawayaelewi, mpaka achoke kurudia, mpaka aache. Ndipo alipogundua kitu kilichomshangaza mwenyewe. Alikuwa hataki mwanamke yule anyamaze. Miaka tisa alikuwa ameombea siku moja tu ya utulivu, na sasa ilipoanza kunukia, aliiogopa kuliko Mama mwenyewe.

"Mwambie anyamaze basi," alimwambia mkewe. "Wewe ni mwanawe."

"Nimwambie Mama anyamaze? Mimi? Mwambie wewe, una maiki."

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumnyamazisha mwanamke yule, na wakaguzi wa shule walijaribu.

"Tangu nimjue," Mama Pacha alisema polepole, "Mama hutulia kwa jambo moja tu. Ukimletea habari ya watu ambayo hajaisikia. Hapo hata kupumua anasahau."

"Habari gani ambayo hajaisikia? Mji mzima anaujua yeye."

Mama Pacha aliangalia chini. Sumaku akajua wamefikiria kitu kimoja. Kulikuwa na habari moja. Waliiweka miaka tisa, wakaifungia, wakakubaliana kwamba itakwenda nao kaburini.

"Mwambie," Mama Pacha alisema mwishowe. "Ila mimi sipo hapa."

Sumaku akabonyeza kitufe cha maiki.

"Mama, ni mimi. Nataka kukupa habari, lakini ina masharti. Mashine ikigonga, ulimi ulale. Ukisonya, habari inakatika. Ukibonyeza hicho kipira, sheria inanilazimisha nisimamishe kila kitu nije kukutoa, na sitaisimulia tena."

"Habari ya nani?"

"Ya harusi yetu."

"Washa," Mama Kipaza alisema.

Akawasha. Kwa bahati, mashine ikisikiliza kemikali haipigi yale makelele ya kupiga picha; inagonga taratibu tu, tik, tik, tik, na mtu anaweza kusikia anachoambiwa.

"Mama, harusi ile uliyotupangia, ya watu mia nne na maturubai matano, haikuwa harusi yetu ya kwanza. Tulipoingia pale mbele ya watu tulikuwa tumeshaoana miezi miwili."

Mstari kwenye skrini ukatikisika mara moja, kwa nguvu. Sumaku alifumba macho. Alipoyafumbua, ulikuwa umetulia, na vilele vilikuwa vinaanza kujijenga, kimoja baada ya kingine. Akaendelea kusema kwa sauti ya chini, asije akaamsha kitu. Akaeleza kwamba siku zile alipata nafasi ya kwenda kusomea mashine hii, mji mwingine, na nyumba ya chuo ilitolewa kwa wenye ndoa tu. Barua ilifika Jumatatu. Cheti cha ndoa kilitakiwa Ijumaa.

"Meza mate, Mama."

Sekunde kumi. Angeweza kusema. Alimeza tu.

"Kadi zako zilikuwa zimeshagawiwa," Sumaku aliendelea mashine ilipoanza tena kugonga. "Tarehe umeshaiweka. Nani angekwambia uisogeze? Mwanao alilia siku mbili. Aliniambia niende peke yangu nimwache. Mimi nikasema nitaiacha nafasi. Akasema nikiiacha hataniheshimu. Basi tukakubaliana twende ofisi ya msajili kimyakimya, tuandikishe, halafu tuje tufanye harusi yako kama kawaida."

Mama Pacha, ambaye hakuwepo, alimvuta shati. "Mwambie nilitaka kumwambia," alinong'ona. "Mwambie nilifika mpaka mlangoni."

Akamwambia. Mzunguko wa pili ukaisha safi. Kwenye wa tatu akaeleza jinsi karani wa msajili alivyowarudisha, kwa kuwa hawakuwa na shahidi upande wa bibi harusi, mtu mzima wa ukoo. Walisimama nje ya ofisi ile wakihesabu ndugu kwa vidole. Huyu ana mdomo, yule ana mdomo zaidi, yule mwingine angefika kwa Mama kabla ya wino kukauka. Mwisho wakabaki na mtu mmoja tu.

"Meza mate, Mama."

Akameza. Kisha, zikiwa zimebaki sekunde tatu, sauti yake ikatoka nzito na ndogo. "Endelea."

Sumaku alishusha pumzi. Hapa ndipo alipokuwa anapaogopa. Angalau kipira Mama alikuwa nacho. Akikibonyeza, basi, wamekwisha. Akawasha mzunguko wa nne.

"Alikuwa Baba," alisema. "Tulimkuta nyuma ya nyumba. Tukamweleza yote. Alikaa kimya, unamjua. Kisha akaniuliza mimi: 'Unamwogopa mama yake?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Vizuri. Hata mimi. Twendeni.'"

Macho ya Sumaku yalikuwa kwenye mstari. Haukutikisika. Mama Pacha alikuwa ameinamia skrini ndogo ya kamera iliyomwonyesha Mama usoni, akamgusa mumewe begani, akamwonyesha. Machozi yalikuwa yanatoka pembeni mwa macho ya Mama Kipaza na kuteremka kuelekea masikioni, yakilowesha vile vya masikioni. Kifua hakikupanda kwa kwikwi. Kinywa hakikusogea. Mwanamke yule aliyetoa adhabu kwa vizazi viwili kwa kosa la kujitikisa mstarini, alikuwa amesimama mstarini.

"Sikomei hapa, Mama. Namalizia. Wewe alikuaga kwamba anakwenda kunyoa. Basi tulipotoka kwa msajili alitupitisha kwa kinyozi, sisi wenye haraka zetu, tukamngoja mpaka akanyolewa. Alisema hajawahi kumdanganya mke wake na hataanza uzeeni."

Kwenye mzunguko wa tano akamweleza Baba alivyoweka saini, taratibu, jina lote na la babu yake. Alivyowakalisha kwenye benchi kabla ya kuachana. "Akatuambia: 'Haya ni yenu na yangu. Mama yenu msimwambie. Ameandaa sherehe za watoto wa watu miaka yote, za kumaliza shule, za zawadi, za nini. Hii ni yake. Msimnyang'anye siku yake.' Ndiyo maana tulinyamaza, Mama. Si kwa kukudharau."

Na wa sita, wa mwisho, aliuanza akiwa hajui atasema nini, kwa kuwa habari ilikuwa imeisha. Kisha akakumbuka.

"Siku ya harusi yenyewe, mimi na Baba tulikaa meza moja. Wewe ulikuwa katikati ya uwanja, unawapanga watu, unawagombeza wapishi, huku unaelekeza magari. Sauti yako inafika barabarani. Mimi nilikuwa naogopa. Baba akaniinamia sikioni, akaniambia, 'Mtazame yule. Miaka thelathini na sita namsikiliza na bado sijashiba. Siku nikiacha kuisikia sauti ile, nitajua nimekufa.'"

Tik, tik, tik. Mashine ikanyamaza. Sumaku akatazama skrini, visanduku kumi na sita, kila kimoja na mstari wake, vilele vimesimama wima. Hakuwahi kupata upimaji safi namna ile, hata kwenye ubongo.

Alikwenda kumtoa. Alimfuta Mama uso kwa pamba, akamwondolea vifaa, akasimama pembeni akingoja kuchinjwa. Mama Kipaza alikaa kitako. Akavaa miwani. Akaomba mkoba wake. Akatoka na bintiye, na njia nzima mpaka nyumbani hakusema neno hata moja, jambo lililomtisha Mama Pacha kiasi cha kupita taa nyekundu.

Visanduku kumi na tano vilikuwa na kolini ya kawaida, nyama iliyovimba kwa hasira. Kimoja, cha mbele, chini kidogo ya mahali ambapo ngozi ilikuwa laini na haina hata alama, kilele chake kilikuwa kimepanda juu ya vyote. Visu viwili vya kwanza vilikuwa vimekata pembeni yake. Asubuhi daktari wa kinywa aliliwekea jopo mistari ile mezani, na siku hiyohiyo akachukua kipande cha tatu kutoka kisanduku kile. Maabara wakajibu kwa neno moja. Ilikuwa saratani. Na ilikuwa ndogo, haizidi punje ya harage, na bado haijaenda popote.

"Nitaitoa na nyama kidogo ya kuizunguka," daktari alisema. "Ulimi anabaki nao."

Mama Pacha alimkumbatia daktari, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiwa, akabaki amenyoosha mikono.

Wiki moja kabla ya upasuaji Mama Kipaza alirudia hali yake. Alisema juu ya kila kitu. Alisema juu ya vumbi la chumba cha mashine, mpaka likafutwa. Alisema juu ya wapishi, magari, majirani, bei ya sabuni. Lile moja hakuligusa. Sumaku akipita alijikunyata. Mkewe alimwambia, "Anakuwekea," na wala hakuwa anatania.

Baada ya upasuaji alikatazwa kuongea siku kumi na nane. Akaletewa daftari. Aliandika kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa ubaoni, na ndani ya siku tatu alikuwa amemaliza daftari la kwanza na kumpa muuguzi maksi sita juu ya kumi kwa kutandika kitanda. Wajukuu wake, wale pacha, walisoma maagizo yake kwa sauti huku wakiigiza, na yeye akawafukuza kwa kuandika *Nje* na kulipigia mstari. Alimwandikia Sumaku pia. *Mkwe, fungua dirisha. Mkwe, umekonda. Mkwe, hii supu nani kapika.* Neno juu ya Baba, hakuna.

Siku ya kumi na tisa walikwenda wote kliniki. Daktari alimwangalia kinywani kwa tochi, akasema kidonda kimefunga vizuri sana, akazima tochi.

"Haya, Mama. Sema. Chochote, ila taratibu."

Pacha walisogea mbele. Mama Pacha alishika kiganja cha mumewe. Mama Kipaza alijaribu ulimi wake ndani ya kinywa, huku na huku, kama mtu anayepima kiatu kipya. Kisha akamgeukia Sumaku.

"Siku ile," alisema. S yake ilitoka na upepo kidogo, lakini ilitoka. "Alivaa shati gani?"

Sumaku alimeza mate.

"La kijani, Mama. La mikono mifupi. Lilikuwa na rangi nyeupe begani, alikuwa anapaka viti."

Mama Kipaza alifumba macho. Alipoanza kusema tena, alisema polepole, si kwa sababu daktari alimwagiza.

"Nililifua mimi lile shati. Doa likakataa kutoka, nikaligombeza mchana kutwa, na yeye kakaa pale kichwa kimenyolewa, ananisikiliza, anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini, hakusema." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Swali hili nimelala nalo tangu nitoke kwenye lile tundu lako. Nilijiambia, nikibaki na ulimi ndilo nitakalouliza kwanza. Nikikosa ulimi, nitakufa nalo."

Mama Kipaza akavuta kiti cha daktari bila kuomba, akakiweka mbele ya mkwe wake, akakaa.

"Haya, baba, anza tena tangu mwanzo," alisema. "Na safari hii nitakukatiza."